Mdomo Ulisema Tayari

Volkmar Dempfle hakuwa mtu wa treni. Ukimsifia treni alikutazama kana kwamba umemsifia jino bovu, na meno aliyajua, maana aliwang'oa watu wa mji wao mpaka siku aliyostaafu. Kila Februari, majirani zake walipokuwa wamekwama kwenye foleni ya magari kule mlima wa Fern, watoto wanalia nyuma na skii za kutelezea theluji zimefungwa juu ya paa, yeye aliwapita angani kwa ndege yake ya viti vinne. Mkewe Reinhild alikaa kulia kwake. Skii ziliingizwa kwa nyuma zikalala katikati ya viti. Saa moja na ushee tu, wako Samedan kwa Waswisi, wameshavua makoti mazito na wanaagiza supu ya shayiri.

Reinhild hakuwa rubani. Kazi yake ndani ya ndege ilikuwa moja: kusoma orodha ya ukaguzi. Yeye anasoma, Volkmar anagusa kitu chenyewe kwa mkono, kisha anajibu "tayari". Soma, gusa, jibu. Ndivyo marubani wanavyofanya, na ndivyo wawili hawa walivyofanya tangu binti yao Almut akiwa bado anabebwa. Utani wa nyumbani ulikuwa kwamba hata kanisani, siku ya ndoa, padri alipomuuliza Volkmar kama anamkubali huyu awe mke wake, alijibu "tayari".

Basi Jumamosi moja ya Februari asubuhi, nyasi za kiwanja cha ndege zimeganda na pumzi inatoka moshi, Reinhild alifungua kitabu chake mapajani akaanza.

"Milango."

"Tayari."

"Mikanda."

"Tayari."

"Mafuta, tangi la kushoto."

"Tayari."

Mkono wa Volkmar ulikuwa juu ya goti lake. Haukusogea hata kidogo. Mdomo umeshajibu, macho yako mbele, uso umetulia kama wa mtu aliyemaliza kazi yake. Reinhild alingoja kidogo. Kisha akapeleka mkono wake mwenyewe chini, akakizungusha kishikio cha kuchagua tangi mpaka kikaelekea la kushoto, akaurudisha kitabuni na kusoma linalofuata.

Mambo hayo yalianza majani yalipokuwa yanapukutika. Mara ya kwanza alidhani mume amechoka. Mara ya pili ilikuwa pampu ya mafuta, na mara ya tatu flapu, vile vibao vinavyoshushwa nyuma ya mbawa, na baada ya hapo hakuhesabu tena. Volkmar alijibu kama mtu anayesali sala aliyoizoea, maneno yanatoka yenyewe na moyo uko sokoni. Nyumbani nako ilikuwa hivyo hivyo: jiko linaachwa linawaka, ufunguo wa gari unakutwa kwenye kikapu cha viazi. Daktari wa marubani alimpima macho, akampima moyo, akamgonga mgongoni na kumwambia ana damu ya kijana. Hilo lingine hakulipima, kwa kuwa hakuna aliyemwambia.

Na wa kumwambia alikuwa nani kama si Reinhild? Alijua fika. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, na yeye alikuwa anaficha maradhi ya mwenzake, jambo baya zaidi. Lakini alikuwa amemwona Volkmar miezi ile ya mwanzo ya kustaafu, anazunguka jikoni akifungua kabati na kulifunga, hajui anatafuta nini. Ndege ndiyo iliyomrudisha. Kumwambia aache kuruka ilikuwa sawa na kumwambia arudi akae kati ya makabati. Basi akajifariji kwamba mkono wake upo, na maadamu mkono wake upo hakuna neno.

Tatizo la siku hiyo lilikuwa kiti cha nyuma. Almut alikuwa amekuja.

Almut alikuwa mwalimu wa hesabu Munich, mwanamke mzima wa zaidi ya miaka thelathini, aliyeachana na mumewe majira ya joto yaliyopita na tangu hapo akawa anaishi kwa kahawa na madaftari ya wanafunzi. Miaka mingi hakusafiri na wazazi wake. Baba yake ndiye aliyempigia simu: njoo turuke kama zamani, milima itakutibu. Reinhild aliposikia, moyo ulimshuka. Akampigia naye, kwa siri, siku mbili kabla ya safari.

"Panda treni, mwanangu. Viti vya nyuma vitakuumiza mgongo."

"Mama, mimi mgongo wangu hauna shida. Na treni nibadilishe mara nne na skii begani? Halafu Baba akisikia nimepanda treni si atanikata urithi?"

Reinhild alicheka kidogo na maneno yakaishia hapo. Wakiwa wawili, yeye na Volkmar, ilikuwa bahati nasibu yao wenyewe. Sasa kulikuwa na mtoto nyuma, na hofu ya siku hiyo haikuwa ile aliyoizoea.

Kabla injini haijawashwa, Zwerger alikuja kuegemea bawa, na Reinhild akaufungua tena mlango ili wamsikie. Zwerger alikuwa mkuu wa kiwanja, mtu mnene mwenye kikombe cha kahawa kisichokauka.

"Daktari," alisema, "njia iko wazi, nimeuliza. Lakini mawingu yamekaa chini kule Landeck. Utakuwa unapita chini ya dari. Ukingoja kesho kuna ubaya gani?"

"Kesho supu imeisha."

"Milima haiendi popote."

"Zwerger, wewe Mungu angekuumba ndege ungehamia Afrika kwa miguu."

Almut aliangua kicheko kule nyuma. Zwerger naye alicheka, akapiga bawa kofi moja. "Haya. Ukiona giza, geuza. Kahawa ipo."

"Volkmar," Reinhild alisema, "tungoje kesho."

Mumewe aligeuka akamtazama kwa mshangao wa kweli. "Na wewe, Reini?"

"Mama leo amekula woga na mkate," Almut alisema. "Mama, tumeshafunga mikanda."

Hapo ndipo palipokuwa pa kusema. Mlango wazi, injini kimya, shahidi amesimama kando ya bawa na kahawa mkononi. Sentensi moja tu ilitosha. Lakini kumwaibisha mume mbele ya binti yake, na mbele ya Zwerger ambaye angelipeleka neno kila meza ya klabu ya marubani, Reinhild aliona hawezi. Akafunga mlango, akasoma mstari uliofuata.

Waliruka vizuri. Hilo lazima lisemwe, maana ndilo lililowadanganya wote. Mikono ya Volkmar ilijua kuruka kama mguu unavyojua ngazi za nyumbani. Ndege ilipanda laini, ikakunja juu ya ziwa lililoganda, ikaelekea kusini. Juu ya mlima wa Fern aliinamisha bawa makusudi ili Almut aione foleni.

"Waone wale! Wanakula mkate na moshi."

"Baba, una roho mbaya."

"Sina. Nawahurumia kutoka mbali."

Wote watatu walicheka ndani ya hedifoni, na Reinhild akahisi mabega yake yanashuka. Labda leo ni siku njema, alijiambia. Siku njema zilikuwapo pia.

Waliposhuka kwenye bonde la mto Inn, dari aliyoisema Zwerger ilikuwapo: wingu la kijivu limelazwa juu ya bonde lote, limekata vilele, ukuta huku na ukuta huku. Chini yake hewa ilikuwa safi na nafasi inatosha. Miaka hiyo hapakuwa na vile vibao vya kioo vinavyomwonyesha rubani alipo. Kulikuwa na ramani juu ya goti, na kulikuwa na kujua njia. Na njia ilikuwa rahisi: fuata mto mpaka Landeck, mji ulio kwenye njia panda ya mabonde, hapo kata kushoto, kushoto kwa kwanza, endelea na mto ule ule mpaka kwa Waswisi. Kila mwaka Volkmar alisema maneno yale yale wakifika Landeck: "Kushoto kwa kwanza, twende tukale."

Mwaka huu alikuwa anamsimulia Almut habari ya mgonjwa mmoja, mke wa mchinjaji, aliyemng'ata kidole kisha akamletea nyama ya bure mwaka mzima. Almut alikuwa anacheka na kuuliza. Na Reinhild? Reinhild hakuwa anatazama nje. Alikuwa anatazama mkono. Alitazama swichi ya pampu, akatazama mshale wa mafuta, akatazama kishikio cha tangi, kazi yake ya siri ikamshughulisha hata Landeck ikapita chini yao hakuiona.

"Kushoto kwa kwanza," Volkmar alisema, "twende tukale." Akakunja.

Ilikuwa kushoto kwa pili.

Reinhild aliinua macho na kuona daraja chini yao. Lilikuwa daraja la reli, refu, limening'inia juu ya korongo, na ngome ya kale imekaa pembeni yake kwenye mwamba. Alilijua daraja lile. Kila mwaka aliliona mbali sana upande wa kulia, dogo kama la kuchezea mtoto, wakati wao wakiwa wameshakata kwenda zao. Halikutakiwa kuwa chini ya miguu yake.

"Volkmar, ona daraja."

"Ndiyo, daraja."

"La reli, Volkmar. Tumekata la pili. Hili silo bonde letu."

"Tayari," alisema.

Alilisema kwa upole, macho mbele, uso umetulia.

"Tayari nini?" Almut aliuliza kutoka nyuma. "Baba, Mama anasema tumekosea njia?"

Volkmar aliendelea mbele, katikati ya bonde, kwa mwendo ule ule.

Bonde la Inn hupanda taratibu, kama barabara ya mjini. Hili lilipanda kama ngazi. Kila kijiji kilikuwa juu kuliko kilichotangulia, na dari ya wingu haikupanda nacho. Kwanza Reinhild aliona mapaa. Baada ya kitambo aliona nguo za watu, makoti mekundu na ya manjano yamepanga foleni kwenye viti vya waya vinavyowapandisha wateleza theluji. Waya zenyewe zilikuwa zinapanda ukutani pande zote mbili na kuingia mawinguni. Watu walikuwa wanatazama juu. Mmoja alipunga mkono. Huko mbele, alijua, barabara hufungwa msimu mzima kwa theluji, na bonde linaishia kwenye ukuta, na ukuta ulikuwa ndani ya wingu.

Na kugeuka? Volkmar mwenyewe ndiye aliyemfundisha, zamani, juu ya sahani ya chakula, kwa kisu na uma: bondeni usikae katikati kamwe. Shika ukuta wa kulia, ubanane nao, ili ukitaka kurudi uwe na bonde zima la kugeukia. Ukikaa katikati una nusu huku na nusu huku, na nusu haitoshi. Sasa walikuwa katikati.

"Volkmar. Geuza."

"Tayari."

"Mama?" Sauti ya Almut ilikuwa imebadilika. "Mama, Baba ana nini?"

Reinhild hakujua kuruka. Angeushika usukani wangeanguka, hilo alilijua bila kufundishwa. Ghafla mdomo wake ukatafuta neno la zamani kuliko ndoa yao. Walikutana wakiwa vijana kwenye kiwanja cha ndege zisizo na injini, zile zinazovutwa kwa kamba na winchi mpaka zielee. Pale kuna maneno mawili yenye maana moja, simama, kama mtu anayegonga mlango kwa mikono yote miwili. Yeyote akiona hatari huyatamka, awe mwalimu au msichana aliyekuja kuuza keki, na papo hapo kila kitu kinasimama. Winchi inazimwa, rubani anaachia kamba. Hakuna anayeuliza kwanza. Na aliyesema, hata kama alikosea, haambiwi neno baya.

"Halt stopp," Reinhild alisema.

Hakupiga kelele. Volkmar alishtuka mwili mzima. Mkono wake wa kushoto ukauacha usukani, ukaenda mbele kutafuta kile kifundo cha njano cha kuachia kamba. Ndege hii haikuwa nacho. Vidole vilipapasa chini ya vioo vya vipimo, havikupata kitu.

"Reini," alisema taratibu. "Tuko wapi?"

Alitamani kulia. Swali lile alikuwa amelikimbia miezi yote, na sasa lilikuwa limekaa kati yao, na hapakuwa na nafasi ya kulia.

"Tuko bonde la pili. Shika usukani, nitakusomea." Alifunga kitabu, maana ukurasa wa jambo hili haukuwamo. "Ukuta wa kulia."

"Tayari."

Mkono haukusogea.

"Siutaki mdomo wako, Volkmar!" Na hapo hasira ya miezi mitano ikatoka yote, hasira ambayo hakujua kama anayo. "Mdomo wako unasema tayari tangu Oktoba na mkono hausogei. Pampu nawasha mimi, tangi nazungusha mimi. Sasa hili siwezi kukufanyia. Sijui kuruka. Nataka mkono. Ukuta wa kulia!"

Mkono ulisogea. Ndege ikaelea kulia, kulia zaidi, mpaka miti ya misonobari iliyobeba theluji ikawa karibu na ncha ya bawa kiasi cha kuhesabu matawi.

"Punguza moto."

"Nimepunguza," alisema, na alikuwa amepunguza.

"Flapu, moja."

Sauti ya mota ikasikika bawani.

"Sasa kushoto. Geuka, geuka kabisa, bonde lote ni lako."

Volkmar aligeuka. Bawa la kushoto lilishuka mpaka likaelekea ardhini. Bonde likazunguka dirishani, miti, waya, foleni ya makoti yenye rangi, na safari hii hakuna aliyepunga mkono. Honi ya onyo ikaanza kulia ndani, ile inayolia mbawa zinapokaribia kushindwa kuibeba ndege. Volkmar aliishusha pua kidogo tu, mkono wake ulijua, na honi ikanyamaza. Ukuta wa pili ulikuja, mkubwa, mweupe, ukajaza kioo chote. Kisha ukaanza kupita kando. Mbele yao ukatokea mwanga, na kwenye mwanga bonde linashuka, na mwisho wa bonde lile daraja la reli.

Almut alikuwa anatapika kwenye kofia yake ya sufi.

Walirudi. Njia nzima Reinhild alitaja mahali, na Volkmar akarudia kama mtoto wa darasa la kwanza. "Landeck." "Landeck." "Imst, sasa kushoto." "Kushoto." Juu ya mlima wa Fern foleni ilikuwa bado pale pale na hakuna aliyeisema. Alitua kwenye nyasi zilizoganda kwa ulaini ule ule wa siku zote, magurudumu yakagusa kama yanaomba radhi, na ulaini ule ulimkasirisha Reinhild kuliko lolote lililotokea. Laiti angetua vibaya hata mara moja tangu Oktoba. Laiti angevunja gurudumu.

Volkmar alizima injini. Pangaboi likazunguka mara za mwisho na kusimama. Zwerger alikuwa ametoka kwenye kibanda chake, mbali, anakuja pole pole na kikombe mkononi.

"Tangu Oktoba," Almut alisema.

"Ndiyo," mama yake alijibu.

"Na ulinipigia simu kunihurumia mgongo."

"Nilikuambia upande treni, mwanangu."

"Hukuniambia kwa nini, Mama. Ningepanda punda kama ungeniambia kwa nini."

Reinhild alivua hedifoni, akaziweka mapajani juu ya kitabu.

"Usimgombeze mama yako," Volkmar alisema. Mikono yake ilikuwa juu ya magoti, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeamka, iliyo wazi kabisa. "Nilijua."

Reinhild alimgeukia. "Ulijua nini?"

"Mkono wako. Mara ya kwanza niliona kishikio kimesogea na mimi sikukigusa, nikaogopa sana, usiku sikulala. Mara ya pili nikauona. Ukadhani sioni, lakini niliuona." Alitafuta maneno, na yalikuja. "Tangu hapo, nikifika pahali sijui mkono uende wapi, nasema tayari, nangoja wako. Ukienda, nakumbuka. Nikajiambia, Reini anatazama. Siku mambo yakiharibika kweli, Reini atasema. Na kwa kuwa hujasema, basi bado naweza."

Miezi yote Reinhild alidhani mkono wake unamzuia mume asianguke. Kumbe ndio uliokuwa unamrusha. Kila alipozungusha kile kishikio kimya kimya, kwa huruma, kwa mapenzi, alikuwa anamwambia: wewe mzima, twende.

"Na mimi," Reinhild alisema, "nilikuwa nasema, siku mambo yakiharibika kweli ataona mwenyewe. Ataacha mwenyewe. Nisimvunjie heshima."

"Ungeniambia ningekasirika," Volkmar alisema. "Wiki nzima. Labda mbili."

"Najua."

"Halafu ningeacha."

"Hilo sikulijua."

Almut alikuwa ameinama, mikono yote miwili juu ya skii zilizolala kando yake. Alipoinua uso, alimtazama mmoja na kisha mwingine, kama anavyowatazama wanafunzi wawili walioandika jibu moja lenye kosa lile lile.

"Basi mlikuwa mnangojeana," alisema. "Nyinyi wawili. Mnangojeana, nani aseme kwanza. Na mimi mkaniketisha nyuma."

Volkmar aliinamisha kichwa. Reinhild alitaka kumshika binti yake mkono, lakini aliogopa kuupeleka mkono kule nyuma usije ukakataliwa.

Zwerger alikuwa amefika. Aligonga bawa, akainama kwenye dirisha, uso mwekundu kwa baridi na kicheko. "Vipi, Daktari? Waswisi wamekunyima supu? Nilikwambia kahawa ipo."

Volkmar alimtazama mkewe. Kwa mazoea tu, alimtazama mkewe, angoje aseme yeye. Reinhild aliyatazama magoti yake.

Ni Almut aliyejipenyeza mbele kati ya viti, akausukuma mlango na kutokea nje juu ya bawa, kofia yake iliyochafuka mkononi.

"Baba harushi ndege tena, Bwana Zwerger," alisema. "Kuanzia leo."

Zwerger alicheka, akidhani ni utani wa kifamilia, akamtazama Volkmar asikie atakavyojibu. Volkmar hakubisha.